Usiue jobu ya mtu kwenye AS/400 kabla hujajua imeshika nini

Asalaam alaykum ndugu zangu wa IT. Haya nayaandika zaidi kwa vijana wanaoingia afisini wakakutana na ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, wanaiona kitu cha kale, kumbe ndo inayobeba hesabu zote za kampuni. Hiyo ndo AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, waliitoa mwaka 1988, baadae ikawa iSeries, halafu System i, na tangu 2008 mfumo wake unaitwa IBM i, lakini kwetu kila mtu bado anasema AS400 na mie nitasema hivyo hivyo.

Nimeishughulikia miaka mingi kwenye kampuni ya mizigo, sava ipo Unguja, matawi mengine Chake na Wete kule Pemba, na lalamiko ni lile lile kila siku, "mashine nzito". Kijana anafungua WRKACTJOB, komandi ya kuona jobu zote zilizo hai, yaani kila kazi inayokwenda kwenye mashine, anaona jobu inakula CPU asilimia 40, anaweka 4, anaiua. Hapo ndo nataka mnisikilize. Jobu inayokula CPU mara nyingi ipo kwenye kazi yake halali, mwisho wa mwezi mishahara lazima ihesabiwe, na kwa kawaida jobu za batch (zinazokwenda zenyewe bila mtu kwenye skrini) zinakwenda kwa kipaumbele 50 wakati watu walio kwenye skrini wako 20, namba ndogo inatangulia, kwa hivyo keshia hadhuriki sana. Na ukifungua tu ile skrini asilimia bado hazina maana, bonyeza F10 ianze kuhesabu upya, subiri kidogo, halafu F5. Ila usiiache ijirefreshi yenyewe kutwa, nayo inakula mashine.

Mie jicho langu linakwenda kwenye Status kwanza. Ukiona MSGW, jobu imeuliza kitu inasubiri jibu, weka 7 usome ujumbe wenyewe. Maarufu ni CPA5305, faili limejaa, maana faili likiundwa kwa vipimo vya kawaida linaanza na rekodi 10,000 na linaongezwa 1,000 mara tatu basi. Ukijibu C umeikatisha kazi ya mtu katikati, ukijibu I linaongezeka nafasi na kazi inaendelea. Watu wanajibu C kwa mazoea bila kusoma, wallahi inaniuma, kwa sababu kuna mtu anakaa mpaka usiku kurekebisha hesabu zilizokatika nusu.

Status ya LCKW ndo yenyewe hasa. Hiyo jobu haina kosa lolote, inasubiri kitu kilichoshikwa na mwengine, na ukiua inayosubiri umemuua aliyeonewa. Kwetu sisi hii inakuja sana laini ya Pemba ikikatika: mtu wa Wete skrini imeganda, anazima kompyuta, laini ikirudi anaingia upya, ile jobu yake ya mwanzo inaweza kubaki hai imeshika rekodi ya mteja, na huku Malindi ya Unguja mwenzake anaitaka rekodi hiyo hiyo. Weka 5 kwenye jobu inayosubiri, halafu 12 uone locks, yaani vitu vilivyoshikwa, ukishajua faili tumia WRKOBJLCK au DSPRCDLCK utamuona aliyeshika. Halafu nyanyua simu. "Dada samahani, ile stakabadhi bado umeifungua?" Akisema keshatoka zamani, hapo maliza, na uanze na ENDJOB *CNTRLD ili programu ipate nafasi ya kujifunga vizuri, *IMMED, yaani papo hapo, baadae kama imegoma. ENDJOBABN, ya kuiua kwa nguvu, mfumo wenyewe haukuruhusu mpaka dakika 10 zipite baada ya *IMMED, kwa hivyo jua hiyo si komandi ya kuchezea.

Jengine linalowachanganya wengi ni zile QZDASOINIT, zimejipanga chungu nzima na zote zinaonesha yuza QUSER. Hizo ndo watu wanaovuta data kwa ODBC, njia ya programu za nje kusoma database, mfano Excel za uhasibu, na mwenyewe humuoni pale. Ikiwa una jina unalolishuku, piga WRKOBJLCK kwenye profile yake (akaunti yake ya kuingilia) kwa aina ya *USRPRF utaziona jobu zinazoitumia. Ikiwa huna jina, tumia SQL, QSYS2.ACTIVE_JOB_INFO, safu ya AUTHORIZATION_NAME inakupa anayeitumia kwa wakati ule.

Kuhusu jobu zilizosahauliwa, QINACTITV, muda wa jobu kukaa bila kufanya kitu, inakuja ikiwa *NONE, unaweza kuipa dakika 5 mpaka 300. Lakini angalia sana QINACTMSGQ, inayosema kifanyike nini muda huo ukipita, wengi wanaweka *DSCJOB wakidhani wamemaliza, wakati jobu iliyodisconekti bado imeshika locks zake, na QDSCJOBITV, muda wa kungoja kabla haijamalizwa, kwa kawaida ni dakika 240, yaani masaa manne wateja wanasubiri dirishani. Kwa makeshia mie naona *ENDJOB ni bora, baada ya kukubaliana nao muda, maana mtu akenda kuswali adhuhuri asirudi akakuta kazi yake imepotea.

Na session zipeni majina! Ukiacha mfumo ujipangie utapata QPADEV0001, QPADEV0002, hujui nani yuko wapi. Kwenye emuleta, ile programu ya kufungulia skrini ya AS400, andika jina lisilozidi herufi 10, mfano WETEKESH1, CHAKESTO2, na jina hilo ndo litakuwa jina la jobu kwenye QINTER, sehemu zinapokaa jobu za watu wa skrini, laini ikikatika unajua moja kwa moja umpigie nani.