Je, Msitu Safi Huwafaa Ndege?

SWALI: Ndugu Mhariri, wasimamizi wa msitu ninaoutembelea wamekata miti yote iliyokauka na kufyeka vichaka, wakisema msitu unapaswa kuwa safi. Tangu hapo ndege wanaotaga katika matundu ya miti wamepungua. Je, usimamizi huu ni sahihi, au ni heri msitu uachwe bila kuguswa kabisa?

JIBU: Ndugu msomaji, usafi huo humpendeza mtembeaji kuliko ndege. Mti uliokauka ungali umesimama hujaa mabuu ya mbawakawa, na kigong'ota huwadonoa humo; tundu analolichimba, akishalihama, huchukuliwa na bundi wadogo, popo, kindi na nyuki, ambao hawawezi kujichimbia. Kwa hiyo anayeuangusha mti mmoja huwafukuza wapangaji wengi. Ni kweli kwamba mti unaoning'inia juu ya njia ya watu ni hatari, lakini hata huo mara nyingi hutosha kupunguzwa matawi, au gogo lake likaachwa chini lioze palepale.

Kuhusu vichaka, ufyekaji ufanywe nje ya msimu wa kutaga na kulea, tena kwa zamu, sehemu moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, kutogusa kabisa si jibu la kila msitu. Kusini-mashariki mwa Marekani yuko kigong'ota anayechimba tundu katika misonobari mikongwe iliyo hai, kazi inayoweza kumchukua miaka kadhaa, kisha hutoboa vijitundu kuzunguka mlango ili utomvu utiririke na kuwazuia nyoka wasipande. Moto wa mara kwa mara ndio uliokuwa ukiiacha misitu hiyo wazi chini. Watu walipozoea kuuzima, miti midogo ilirefuka hadi usawa wa matundu, na ndege wakahama. Ukataji wa misonobari mikongwe ulikuwa umekwisha kuwapunguza sana, hata mwaka 1970 wakaorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Siku hizi wasimamizi huchoma majani na vichaka kwa makusudi, kwa moto unaodhibitiwa. Kimbunga Hugo kilipoangusha sehemu kubwa ya miti yao ya kutagia katika msitu wa Francis Marion, South Carolina, mwaka 1989, miti iliyosalia ilikuwa michanga mno kuchimbwa; wataalamu wakapachika visanduku vya mbao ndani ya mashina, na ndege wakavikubali. Mwaka 2024 walishushwa daraja la hatari, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lisingewezekana kwa kukaa kando na kutazama.

Basi waulize wasimamizi wako mambo mawili: wanafyeka mwezi gani, na ni miti mingapi mikongwe na iliyokauka wanayoiwekea alama ili isikatwe. Wakikosa jibu la swali la pili, waombe waanze na ile yenye matundu.