Panzi wa kijani kugeuka mweusi akikauka

Panzi wa kijani aliyechomwa pini ili ahifadhiwe kama kielelezo cha utafiti akigeuka mweusi, tatizo si pini, ni utumbo. Majani aliyokula panzi huoza kabla mwili haujakauka, na rangi ya kijani hufa nayo. Akishakufa tu, pasua kwa mkasi mdogo mwanzoni mwa tumbo, upande wa chini, vuta utumbo kwa kibano, weka pamba kidogo ndani, mkaushe kivulini penye upepo. Usimloweke kwenye spiriti, inafuta rangi. Ng'oa mguu mmoja wa nyuma tu, uutie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA.

Pini ipite kulia kidogo ya mstari wa kati wa ngao ya shingo (gamba la mgongoni nyuma ya kichwa), mstari ubaki unaonekana. Ncha ya tumbo la dume usiiguse kabisa! Spishi nyingi hutofautishwa hapo.

Kujua ni kundi gani: vipapasio vikipita urefu wa mwili, huyo ni jamaa ya senene: sikio lake liko mguu wa mbele, chini ya goti. Wa vipapasio vifupi, sikio liko ubavuni, pingili ya kwanza ya tumbo.

Lebo iwe na mahali, mwinuko kwa mita, tarehe na jina la aliyemkamata. Bila lebo hatumiki.