Maswali ya Wasomaji: Jina la mwenye watumwa kwenye lango la shule

*Shikamooni wahariri. Wanangu wawili wanasoma shule ya serikali hapa Texas. Shule ina jina la mtu anayesemwa kuwa alimiliki watumwa. Wazazi tumekubaliana jina libadilishwe, tukamwandikia mkuu wa shule barua mbili. Kimya. Tuanzie wapi?*
*Mama wa wawili, Texas*

Marahaba, mama. Barua zenu zimekwenda kwa mtu asiye na uwezo wa kuamua. Nchini Marekani jina la shule ya serikali liko mikononi mwa bodi ya elimu ya wilaya, na wajumbe wake karibu kila mahali huchaguliwa kwa kura. Fungueni tovuti ya wilaya, sehemu ya sera za bodi, mtafute sera ya majina ya majengo. Texas huwekwa chini ya herufi CW, mnayotaka ni ile iliyoandikwa LOCAL, yaani ya wilaya yenyewe. Katika majimbo kadhaa mengine huanza na FF. Humo ndimo mtakuta nani anaruhusiwa kupendekeza jina, kama lazima iundwe kamati, na kama jina la mtu aliye hai linakubalika. Andikeni ombi kwa kufuata vifungu hivyo kimoja kimoja.

Halafu hilo neno “anayesemwa”. Kwenye bodi halitawafikisha mbali. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya pekee ya watumwa, kaunti kwa kaunti, na leo kurasa zake zinasomwa bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, mkishajiandikisha. Mkifungua ukurasa mmoja mtaona jina la mmiliki, kisha mstari baada ya mstari: umri, jinsia, na herufi ya rangi ya ngozi, B (mweusi) au M (chotara). Mtoto wa miezi minne kaandikwa 4/12. Kuna safu ya waliotoroka na safu ya walioachwa huru. Safu ya majina yao haipo.

Hapo wengi hukosea kwa haraka. Orodha hiyo haitaji umri wala kazi ya mmiliki, na majina yanafanana. Ilinganisheni na sensa ya watu huru ya mwaka uleule na kaunti ileile, muone umri wake, kazi yake na majirani zake, ndipo mseme ni yeye. Tena makarani wakati mwingine walimwandika aliyewakodi watumwa badala ya mwenye kuwamiliki. Kwa hiyo tafuteni ushahidi wa pili katika mahakama ya kaunti: wosia, au orodha ya mali iliyoandikwa alipofariki. Kwenye orodha za mirathi mara nyingi majina yapo, jina la kwanza tu, na bei ya dola pembeni, katikati ya nyumbu na vitanda. Mkiipata karatasi hiyo, iwekeni juu kabisa ya faili.

Tafuteni pia mwaka shule ilipopewa jina. Shule nyingi zilibatizwa majina ya majenerali wa Kusini, upande uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka ya 1950 na 1960, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954. Shule ya Houston yenye jina la Robert E. Lee, mmoja wa majenerali hao, ilifunguliwa 1962. Kumbukumbu za kikao kilichopitisha jina ni mali ya umma, ziombeni kwa maandishi. Sisi tunaona hoja hii ina nguvu kuliko maisha ya huyo marehemu mwenyewe, kwa sababu inaiuliza bodi juu ya uamuzi wake yenyewe.

Siku ya kikao jiandikisheni mapema. Kila msemaji hupewa dakika mbili au tatu. Na hili mlishike: sheria ya mikutano ya wazi ya Texas inataka anayezungumza kupitia mkalimani apewe angalau muda mara mbili, isipokuwa kama bodi ina vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Mzazi anayejieleza vizuri kwa Kiswahili asijitese na Kiingereza cha kuungaunga. Kura haitapigwa siku hiyo ikiwa jambo halimo kwenye ajenda. Kesho yake mwandikieni mwenyekiti wa bodi, mkiomba liingizwe katika kikao kijacho.

*Kwa nini San Francisco walibadilisha majina ya shule kisha wakarudi nyuma? Wapinzani wetu wanatutupia mfano huo kila tukikutana.*
*Msomaji, California*

Kwa sababu kazi ya utafiti ilifanywa vibaya, na inabidi mkiri hivyo mbele yao. Januari 2021 bodi ilipiga kura, 6 kwa 1, kuondoa majina 44 kwa mkupuo. Kamati iliyoandaa orodha haikuwashirikisha wanahistoria. Paul Revere, shujaa wa vita vya uhuru vya Marekani, aliingizwa kwa sababu ya msafara wa kijeshi wa Penobscot wa 1779, ikidaiwa ulikuwa wa kupora ardhi ya Wapenobscot, wenyeji wa asili wa huko. Ukweli ni kwamba ulikwenda kupambana na ngome ya Waingereza. Kosa la namna hiyo likishagunduliwa, hata majina yenye ushahidi mzito yanaonekana ya kubahatisha. Shule zenyewe wakati huo zilikuwa bado zimefungwa kwa korona, wazazi wana hasira. Bodi ikashtakiwa, na Aprili 2021 ikafuta uamuzi wote.

Virginia, kaunti ya Shenandoah, ilikuwa tofauti. Mwaka 2020 bodi iliondoa jina la Stonewall Jackson, jenerali mwingine wa Kusini, kwenye shule iliyofunguliwa 1959 kwa ajili ya wazungu pekee, ikaitwa Mountain View. Utafiti haukuwa tatizo. Lalamiko lilikuwa kwamba wananchi hawakuulizwa. Wapinzani wakagombea viti vya bodi, wakashinda, na Mei 2024 jina la Jackson likarudishwa kwa kura 5 kwa 1. Kwa hiyo fanyeni mikutano ya wazi walau miwili kabla ya kura, mmoja jioni, mmoja Jumamosi, na muweke mahudhurio. Kisha mwende kupiga kura kila uchaguzi wa bodi, ninyi mlio raia. Uchaguzi huo watu wachache hujitokeza, na ndipo majina yanaporudi.

Someni pia sheria ya jimbo lenu. Alabama ina sheria ya 2017 ya kulinda kumbukumbu za zamani, yenye faini ya dola 25,000. Mji wa Montgomery, huko huko Alabama, haukuzuilika nayo: mwaka 2022 walipitisha shule ya Robert E. Lee iitwe Percy Julian, mkemia mweusi aliyezaliwa mjini hapo 1899, enzi ambazo mji haukuwa na sekondari ya serikali kwa mtoto kama yeye.

*Niko Bristol. Nimemtafuta Edward Colston kwenye hifadhidata ya fidia ya wamiliki wa watumwa, hayumo. Je, kumbe hakuhusika?*
*Kaka wa Bristol*

Colston, mfanyabiashara wa watumwa, alihusika sana, ila umetafuta mahali pasipo pake. Hifadhidata ile ya chuo kikuu cha UCL, London, inahusu pauni milioni 20 walizolipwa wamiliki baada ya sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa. Colston alifariki 1721. Yeye yumo katika vitabu vya Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa, alikojiunga 1680 na kufikia cheo cha naibu gavana. Vitabu hivyo viko katika hifadhi ya taifa ya Kew, kundi la T 70. Kwenu kazi imekwishafanyika: shule ya msingi ya Colston ikawa Cotham Gardens mwaka 2018, na ile ya wasichana ikaitwa Montpelier. Kama unashughulikia shule nyingine, isiyo akademia (shule ya serikali isiyosimamiwa na halmashauri), jina lake limo katika hati ya uendeshaji wa shule. Bodi ya magavana hupendekeza marekebisho, na halmashauri ndiyo hutoa hati mpya.

*Gharama je? Wanasema tutakula fedha za vitabu.*
*Baba wa Houston*

Mji wenu ulibadilisha shule nane mwaka 2016, na hesabu iliyotangazwa ilikuwa kama dola milioni 1.2. Kinachomeza fedha ni jezi, sare za bendi, mabango, na sakafu ya ukumbi wa mpira wa kikapu ambayo lazima isuguliwe na kupakwa upya. Ombeni jezi zibadilishwe katika zamu yake ya kawaida ya ununuzi, na karatasi za ofisi zitumike mpaka ziishe. Austin walikwepa gharama kwa kuondoa Robert E. Lee na kuweka Russell Lee, mpiga picha. Hatuupendi ujanja huo. Mtoto anayesoma “Lee” ukutani hajui kama kuna kilichobadilika.

*Binti yangu alihitimu kabla shule haijabadilishwa jina. Sasa anaomba chuo Tanzania na cheti kina jina la zamani.*
*Mzazi, Virginia*

Cheti kwa kawaida hakibadilishwi. Ombeni ofisi ya kumbukumbu ya wilaya barua yenye nembo, itaje jina la zamani, jina jipya, anwani ya shule na tarehe ya kura ya bodi. Iambatisheni na muhtasari wa kikao hicho, vyote viende NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, pamoja na ombi la ulinganifu wa cheti. Msisubiri waulize, barua ikifuata baadaye, ombi hukaa.