Filta mbele ya lenzi: niweke au nivue?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha za harusi hapa Jinja. Muuzaji mmoja aliniambia lenzi isiyo na filta ya urujuanimno (UV, ule mwanga usioonekana kwa macho) haina maisha, nikanunua. Sasa picha za usiku zina vidoa vya kijani kila penye taa. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vidoa hivyo ni taa zenyewe: mwanga unaakisiwa na sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), unagonga filta bapa na kurudi tena ndani. Ukumbini usiku, ivue.

Zamani filta hii ilikuwa na kazi. Filamu ilihisi urujuanimno, basi milima ya mbali kama Rwenzori ikatoka na utando wa buluu. Kamera za dijitali tayari zina kichujio mbele ya sensa. Kwa hiyo ulichonunua ni kioo cha kupokea uchafu, na uchafu tunao! Ukipanda boda kwenda Moroto kiangazi, au ukisimama kwenye manyunyu ya maporomoko ya Murchison, ivae. Heri ufute filta kuliko lenzi.

Kwa kuanguka, usiitegemee sana. Kioo chake chembamba huvunjika upesi, na vipande vyaweza kukwaruza lenzi. Kikinga jua cha plastiki kinachofungwa mbele ya lenzi hupokea kishindo vizuri zaidi, tena hakiharibu picha.

Ukinunua nyingine, chagua yenye tabaka nyingi za kupunguza mng'ao. Kipimo ni namba iliyo baada ya alama ø kwenye lenzi, mathalani 67. Usiikaze mno. Ikigoma kufunguka, izungushie mpira wa kufungia noti, kisha uizungushe polepole.