Nimekosa ibada Jumapili nyingi: je, imani yangu imekufa?

SWALI: Naanika dagaa Kibirizi, Kigoma. Wakati wa giza, usiku usio na mbalamwezi, boti zinavua na kuingia alfajiri na siwezi kuiacha mali mchangani. Mzee wa kanisa ameniambia imani yangu imekufa, na jina langu limetolewa kwenye orodha ya Meza ya Bwana mpaka nimalize kulipa ahadi yangu ya sadaka. Je, mimi bado ni Mkristo?

JIBU: Ndiyo, mama, ikiwa unayemtegemea ni Kristo. Pole kwa maneno uliyoambiwa.

Imani na amana ni maneno ndugu. Katika 2 Timotheo 1:12 Paulo anasema anamjua yeye aliyemwamini, tena aweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake. Wewe jambo hili unalijua kwa mikono: unampa mchuuzi magunia manne yapande treni kwenda Tabora, mali kauli, hela hujaiona. Hukumpa kwa kuwa tu unajua jina na ukoo wake; umempa kwa kuwa unamtegemea. Wapo unaowajua vizuri sana na hata kilo moja usingewapa! Kujua, hata mashetani wanajua kuwa Mungu ni mmoja, na wanatetemeka (Yakobo 2:19). Kujikabidhi kwake ndiko hawakuwezi.

Mzee atakusomea Yakobo 2:17, imani isiyo na matendo imekufa. Asome na 15 na 16: matendo yanayotajwa ni kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa. Bahasha ya sadaka haimo. Akija na Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika, aanzie mstari wa 24: tunakusanyika ili tuhimizane. Kwa andiko hilo hilo, yeye ndiye alipaswa kushuka mwaloni, zinakofikia boti, kukutafuta. Na Abrahamu je? Alihesabiwa haki kwa kuamini katika Mwanzo 15, kabla Ishmaeli hajazaliwa. Akatahiriwa katika sura ya 17, Ishmaeli akiwa na miaka 13. Miaka yote hiyo alikuwa na imani bila alama yoyote mwilini, na Paulo anaijengea hoja yake juu ya hapo (Warumi 4:10). Ama kuifunga Meza ya Bwana kwa deni la ahadi, hilo sina neno la upole. 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji mwenyewe. Haisemi mhasibu amhoji.

Sasa wewe, mama. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, boti zinalala. Jumapili hizo uko wapi? Kama uko nyumbani tu, usimsingizie dagaa. Wakati wa giza, pataneni wawili: leo mwenzako akugeuzie na kuzoa mvua ikitisha, Jumapili ijayo wewe umfanyie. Jumuiya, ile ibada ya nyumba kwa nyumba, ya jioni katikati ya wiki nayo ni kusanyiko.

Tena jiulize unakimbilia wapi boti linapochelewa. Wapo wasiokosa ibada hata moja, na hirizi imefungwa chini ya magunia. Tegemeo lao liko pale kwenye fundo.

Kuhusu Meza, nenda kwa mchungaji mwenyewe, siku ya kazi, ukiwa na mtu mmoja anayekufahamu. Mweleze ratiba ya giza na mbalamwezi, maana huenda hajui. Kadi ya ahadi iache nyumbani. Hiyo ni safari nyingine.