Konzi moja kabla mchele haujaoshwa

Bibi yangu, aliyenilea Wete, kisiwani Pemba, hakuosha mchele hata siku moja bila kwanza kuchota konzi moja na kuirudisha kwenye mtungi uliokuwa nyuma ya mlango wa jiko. Mchele wa chakula ameshaupima, ameshaupeta, kisha anautoa ule wa konzi. Sisi watoto tulidhani ni dua fulani. Nilipoolewa sikulifuata jambo lile, kwa sababu duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu na mwenye duka hunikopesha. Nikajiona nimejitosheleza.

Mwezi wa Mei 2024 likaja tangazo la kimbunga Hidaya. Boti zikasitisha safari. Mume wangu ni mvuvi, na asipokwenda baharini hatuna pesa ya jioni. Kimbunga chenyewe kiliishia upande wa Mafia na Kilwa, hapa Pemba hakikutufika kwa nguvu, alhamdulillahi. Lakini siku nne zile zilinitosha. Umeme ulikatika, na maji ya bomba yakakatika nyuma yake, maana pampu huendeshwa kwa umeme. Dukani mwenye pesa mkononi alihudumiwa mbele ya mwenye daftari la deni, na simlaumu mwenye duka, naye ana watoto. Sisi tuko watu saba ndani ya nyumba. Nilikuwa na mchele wa siku moja na nusu, dumu moja la maji na kibiriti kilichoota unyevu. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza kama kesho tutapika, nikanyamaza.

Msimu wa karafuu uliofuata nilipopata pesa, nilikimbilia kununua polo zima la kilo 50, nikaliweka sakafuni chumbani kwa watoto, nikafunga mlango. Nilikataza lisiguswe. Baada ya miezi minne nilipolifungua, fukusi walikuwa wanatembea juu ya mchele, na upande uliogusa sakafu ulikuwa umeshikana kwa ukungu. Karibu nusu nilimwaga. Niliumia sana, kwa sababu ile ilikuwa pesa ya kuchuma na kuchambua kwa mikono yangu.

Hapo ndipo nikamkumbuka bibi, na nikakumbuka jambo jingine: mtungi wake haukuwa haramu kuguswa. Alikuwa akiula ule mchele wa chini na kujaza mpya, mwaka mzima. Akiba isiyoliwa huharibika. Kwa hiyo kwangu sasa hakuna chakula cha dharura na chakula cha kawaida, ni kimoja. Kilichonunuliwa zamani kinakaa mbele, kipya kinakwenda nyuma, na kila chombo nimekiandika mwezi kwa kalamu ya wino mzito.

Nimeipima konzi yangu: konzi 16 zinafika kilo. Kwetu tunapika kilo moja na nusu kwa siku, kwa hiyo mchele wa wiki nzima ni kilo kumi na nusu. Konzi moja kila siku kwa miezi sita inazidi hapo. Hakuna aliyelala na njaa kwa konzi ile, hata sahani hazikuonekana kupungua. Juu ya konzi, kila Ijumaa natoa shilingi 2,000 nanunua kitu kimoja tu ambacho hakiozi: wiki hii choroko, wiki ijayo chumvi na kibiriti, nyingine mafuta ya kupikia, nyingine sabuni. Wiki ambayo bahari imechafuka sitoi, na sijilazimishi kufidia.

Mchele nauweka kwenye madumu yenye mfuniko wa kukaza, yaliyooshwa na kukauka kabisa juani, juu ya mbao, mbali na ukuta. Wapo wanaotia majani makavu ya mwarobaini. Mimi pia hutia, lakini naamini kinachofanya kazi zaidi ni ukavu na mfuniko. Dagaa ni wagumu kuweka wakati wa masika, huvuta unyevu hata ukiwafunga, hivyo nanunua kidogo na kuwaanika kila jua likitoka. Papa wa chumvi anavumilia zaidi. Nazi usizifue, ziache na makumbi yake, zitakaa muda mrefu, na siku ukizifua makumbi na vifuu vinakuwa kuni.

Ukiwa na kipande cha shamba, ghala lako bora liko chini ya ardhi. Muhogo unakusubiri shinani hadi siku utakapouhitaji. Kiangazi tunautoa mwingine, tunaumenya, tunauanika makopa, na bada lake, yaani ugali wa unga wa makopa, linashibisha. Tafadhali, muhogo mchungu usiuharakishe kwa sababu ya njaa. Hiyo sumu yake haitoki kwa kuchemsha kidogo. Uloweke na uanike mpaka ukauke kabisa.

Watu wengi wakisikia akiba hufikiria chakula tu. Mimi sasa naanza na maji. Nahesabu lita tano kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia na kutawadha kwa uangalifu. Kwa watu saba na siku tatu ni lita 105, yaani madumu matano ya lita 20 na kidogo. Madumu niliyapata kwa mwenye mgahawa, yalikuwa ya mafuta ya kula. Dumu lililotiwa mafuta ya taa au dawa ya shamba usilitumie hata ukiliosha mara kumi. Kila Ijumaa maji ya zamani nayafulia, najaza mapya, nafunika vizuri mbu wasizalie humo. Ya kunywa nayachuja kwa kitambaa safi na kuyachemsha mpaka yatokote, au natia vidonge vya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Zanzibar tumeshazikwa na kipindupindu mara nyingi, na mlango wake ni huo huo wa maji. Ndiyo maana kwenye kopo la sukari nimebandika karatasi: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto akiharisha usiku na barabara imejaa maji, hicho ndicho utakachoanza nacho huku ukitafuta njia ya kumfikisha hospitali.

Msidhani umeme hurudi kesho siku zote. Wenzetu wa Unguja walikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Sisi Pemba umeme wetu nao unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka Tanga. Kandili, tochi na redio ya betri ziwe zinafanya kazi leo. Weka na noti ndogo ndogo mkononi, kwa kuwa mtandao ukianguka pesa ya kwenye simu haikununulii hata mkate. Vyeti na vitambulisho viwe kwenye mfuko wa plastiki.

Jambo la jirani lilinisumbua sana. Huwezi kupika harufu ikavuka ukuta na watoto wa nyumba ya pili wanalia. Nikaona dawa si kuficha, ni jirani naye awe na chake. Tumekuwa wanawake watano kwenye upatu: kila miezi miwili tunanunua polo moja kwa bei ya jumla, tunagawana kilo kumi kumi. Tunanunua wakati bidhaa zimejaa, kamwe si wakati wa tangazo la upepo, kwa sababu kuvamia duka siku hiyo ni kumnyima mwenzio. Na mimi kwenye hesabu yangu nimeongeza kilo mbili za bibi kizee anayeishi peke yake nyuma yetu. Hana wa kumchotea konzi.

Binti yangu ana miaka tisa, ndiye anayeichota sasa. Mkono wake mdogo, kwa hiyo nimemwambia achote mbili.