Jiwe halipumziki angani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Nyegezi, Mwanza. Kwenye mtihani wa majaribio tuliulizwa hivi: mtu amesimama juu ya mwamba, mita 25 kutoka usawa wa maji ya Ziwa Victoria, akarusha jiwe wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Likishuka linapita pembeni ya mwamba na kuingia majini. Litatumia muda gani, tukichukua g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, kuwa 10? Mimi nimepata sekunde 4, mwenzangu 5. Mwalimu wa tuisheni anasema jiwe likifika juu kabisa linapumzika na g inakuwa sifuri, ndiyo maana lazima tugawe safari vipande viwili. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amepata. Sekunde 4 zako zinalirudisha jiwe usawa wa mkono uliolirusha. Mita 25 za kutoka hapo hadi majini umeziacha. Kosa hilo ni dogo.

Linalonikera ni hilo la g kuwa sifuri. Kila muhula nakutana nalo kwenye madaftari, na mara nyingi limeandikwa kwa kujiamini kabisa.

Tazama jiwe lako sekunde kwa sekunde. Linaanza na 20, sekunde moja baadaye lina 10, ya pili lina 0, ya tatu lina 10 lakini sasa linashuka, ya nne 20, ya tano 30. Sasa sogea karibu na hapo juu. Sekunde ya 1.9 linapanda kwa kasi ya 1. Sekunde ya 2.1 linashuka kwa kasi ya 1. Ndani ya sehemu mbili za kumi za sekunde kasi imebadilika kwa 2, yaani 10 kwa kila sekunde, sawasawa na ilivyokuwa tangu mwanzo. Sifuri ni kasi, tena kwa nukta moja tu ya wakati. Mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, haujaguswa. Kama kasi na g vyote vingekuwa sifuri pale juu, jiwe lisingekuwa na sababu ya kushuka, na sisi tungekuwa tunapita Capri Point huku mawe yametundikwa juu ya vichwa vyetu.

Hiyo 10 yenyewe ni ya kurahisisha hesabu. Huku karibu na ikweta g ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Kupanda mita 20 hakuipunguzi hata kwa 0.0001. Iende wapi mpaka ifike sifuri?

Ukimbana anayesema hivyo, atakwambia nguvu ya mkono ndiyo imeishia pale juu. Nguvu ya mkono iliisha jiwe lilipoachia vidole. Kuanzia hapo, ukiacha hewa ambayo kwa jiwe tunaipuuza, kinacholivuta ni dunia peke yake, linapopanda na linaposhuka. Linapanda kwa sababu lilikwisha kuwa na mwendo, na mwendo hauhitaji msukumaji ili uendelee. Wazo la mkono kuacha nguvu yake ndani ya jiwe lilitetewa na Philoponus wa Alexandria katika karne ya 6, Jean Buridan wa Paris akaliendeleza karne ya 14. Wale walikuwa wanatafuta njia gizani. Sisi tuna hesabu za Galileo tangu 1638 na za Newton tangu 1687, na bado wazo hilo linauzwa kwa ada ya tuisheni.

Kugawa safari si kosa, ila si lazima. Chagua juu iwe chanya na usibadilishe mpaka mwisho; t ni muda, −25 ni maji yaliyo chini ya mkono, na 5 ni nusu ya g:

−25 = 20t − 5t²
t² − 4t − 5 = 0

Unapata t = 5 au t = −1. Zile karatasi za "fomula za haraka" zinazouzwa msimu wa mitihani zitakwambia jibu hasi litupwe tu. Kwa swali hili hulihitaji, lakini lina maana: jiwe ambalo lingerushwa kutoka usawa wa maji sekunde moja kabla, kwa kasi ya 30, lingepita mkononi mwako likiwa na 20 ile ile. Na 30 ndiyo kasi ambayo jiwe lako litagonga nayo maji.

Karatasi hizo ndizo zinazofundisha "kupanda g hasi, kushuka g chanya", kana kwamba dunia hugeuka katikati ya safari. Wazazi wanalipia, watoto wanakariri 2u/g (u ni kasi ya kurushia), swali likija na mwamba, ghorofa au daraja, wote wanapata 4 kama wewe. Halafu linakuja la kurusha kwa mshazari, wanaandika kuwa juu kabisa kasi ni sifuri, na hapo hata hiyo kasi wameikosa: ya kupanda imeisha, ya kwenda mbele ipo vile vile. Mwulize mwalimu wako wa tuisheni, kwa adabu: nikirusha jiwe kwa mshazari kuelekea kisiwa cha Saanane, likifika juu kabisa linapumzikaje ilhali bado linakwenda mbele?